Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 14: Mnyama wako akiumwa, pesa itatoka wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Najua wapo watakaosoma kichwa cha habari hapo juu na kucheka. Mwezi wa Qur'ani, maalim anatuletea habari za paka na mbuzi! Cheka kidogo, halafu soma mpaka mwisho. Jambo hili nimekaa nalo tangu Ramadhani ya mwaka juzi na bado linanikaa kooni.

Nyumbani tulikuwa na paka dume, ana mistari, watoto wakimwita Chui. Katika kumi la mwisho la mwezi tukamuona anachuchumaa kwenye mchanga uani, anakaa, analia, anatoka bila kufanya kitu. Dakika mbili baadaye anarudi tena. Tukadhani amefunga choo. Mama watoto akampa mafuta ya nazi kwa kijiko. Siku ya pili akawa amelala chini ya benchi, anatapika, ukimgusa tumbo anapiga kelele. Alasiri nikampigia daktari wa mifugo. Akaniuliza maswali mawili tu: ni dume, na mkojo unatoka? Nikamwambia ni dume, mkojo sijauona. Akasema, maalim, huyo njia ya mkojo imeziba, anatakiwa apitishiwe mpira leo hii hii, mlete. Nikauliza gharama. Akasema niandae kama elfu themanini, pamoja na dawa za kwenda nazo nyumbani.

Pesa ndani ilikuwepo. Kwenye kabati kulikuwa na laki mbili za nguo za Idi za watoto. Sikuwa fukara siku ile, na hili ndilo linalonisumbua. Nikasema, "Tutaona baada ya futari." Baada ya futari ikaja Isha, baada ya Isha tarawehe, baada ya tarawehe watu wawili walikuwa na masuala yao ya mirathi. Tulipoamka kula daku, Chui alikuwa ameshakufa chini ya lile benchi.

Binti yangu, wakati huo yuko darasa la nne, hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu: "Baba, angekuwa mbuzi ungempeleka?"

Mimi ni mwalimu, nina cheti cha ualimu, nimezoea kuulizwa maswali na watoto darasani na madrasa. Lile sikulijibu. Jibu nililijua, na yeye pia alilijua: ndiyo, angekuwa mbuzi ningempeleka, kwa sababu mbuzi ana bei sokoni.

Hapo ndipo suala letu la leo lilipo. Haki ya mnyama juu yako inatokana na nini? Na bei yake, au na kule wewe kumchukua na kumweka kwako?

Wengi wetu tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Imo kwa Bukhari na Muslim. Tunaisimulia kwa watoto kama hadithi ya mtu katili, basi. Lakini itazame vizuri. Kosa lake halikutajwa kuwa alimpiga, wala alimchukia. Alimfungia, hakumlisha, na wala hakumwachia aende akale vijidudu vya ardhini. Yaani alikuwa na milango miwili: hudumia, au achilia. Akaifunga yote miwili.

Sasa, mnyama mzima ukishindwa kumlisha, ule mlango wa pili upo. Paka atajitafutia, panya wapo, vichwa vya samaki vipo. Lakini mnyama mgonjwa ukimwachia atakwenda wapi? Paka aliyezibwa mkojo hajui njia ya kwenda kwa daktari. Mbuzi aliyevimba tumbo hawezi kukopa hela ya sindano kwa jirani. Kwa mgonjwa, kumwachia si kumwachia, ni kumtupa. Na kutupa tunakujua, jamani. Mara ngapi tumekuta kiroba nje ya ukuta wa msikiti, ndani mna paka ana kidonda, aliyeleta anajiambia kuwa watu wa msikitini wana huruma? Huruma tunayo. Lakini yule alikuwa wa kwake.

Mafakihi hawakuliacha suala hili hewani. Katika madhehebu yetu ya Shafi imeandikwa waziwazi kuwa mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, kadhi anamlazimisha: kama ni mnyama wa kuliwa, amlishe, amuuze au amchinje, na kama si wa kuliwa, amlishe au amuuze. Wakaongeza hata kuwa asikamue maziwa kiasi cha kumdhuru ndama. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipotaja haki za wanyama juu ya mwanadamu aliweka jambo ambalo nilipolisoma tena baada ya kufa Chui nilikifunga kitabu: kuwa mnyama anahudumiwa hata akizeeka, hata akiugua kiasi kwamba hana faida tena kwako. Hana faida tena! Bei imeondoka, haki imebaki. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa anauliza jambo ambalo sheikh huyu alishalijibu zaidi ya miaka mia saba iliyopita.

Kutoka hapo kwenda kwenye matibabu na akiba, naongea kwa ufahamu wangu, na mwenye elimu zaidi anirekebishe. Naona kwamba siku ile unayomkubali mnyama aingie kwako, umekubali pia siku atakayougua. Kwa hiyo kumwandalia siku hiyo kabla haijafika si anasa ya watu wa nje wanaolala na mbwa kitandani. Ni sehemu ya ule ule ujira wake wa kukufukuzia panya na kukupa maziwa. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipoambiwa ndoto ya ng'ombe saba hakungoja njaa ifike ndipo atafute ghala. Na yule mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee.

Hapa kuna ndugu yangu mmoja wa safu ya kwanza, tukiwa tunatoka Ijumaa nikamgusia jambo hili, akanijia juu. "Maalim, watoto wa watu wamelala hospitali hawana hela ya dawa, wewe unataka tuweke akiba ya paka?" Hoja hii ni nzito, sitaki kuipita juu juu.

Kwanza, yuko sahihi katika mpangilio. Usiku mmoja wakija pamoja mtoto mgonjwa na paka mgonjwa, na mfukoni una fungu moja, mtoto anatangulia, hakuna mjadala. Nafaka ya mke na watoto, wazazi, deni la mtu, zakatul fitri, vyote viko mbele. Na zaka ya mali ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut Tawba. Haimtibu paka wala punda, msije mkanichanganya. Sadaka ya kawaida ndiyo pana.

Lakini nilimuuliza swali, nami namuuliza kila mmoja: je, zile elfu themanini ambazo hukumtibia mnyama, ulizipeleka hospitali kwa mtoto wa jirani? Mimi sikuzipeleka. Zangu zilinunua kanzu, viatu, na nyingine zikaishia kwenye soda za Idi. Mara nyingi tunamtaja maskini ili tupate njia ya kutokea, naye maskini mwenyewe hapati kitu. Na tena, mgongano huu wa mtoto na paka tunautengeneza wenyewe kwa kutojiandaa. Aliyeweka kidogo kidogo wakati wa raha, usiku wa shida hachagui. Fungu la mtoto liko pale, na la mnyama liko pale.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, mjane, ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Pale ndipo nyumba yangu inapochukua maziwa ya futari. Ng'ombe wake aliwahi kupata ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe. Wafugaji mnaujua: homa inapanda, tezi zinavimba, pumzi inakuwa ya shida. Dawa yake ipo lakini si rahisi, na inasaidia ukiiwahi, ukichelewa umechoma pesa na ng'ombe anakufa. Yule mama alimwita daktari asubuhi ile ile, akalipa pale pale, ng'ombe akapona. Nikamuuliza, mama, pesa yote ile umeitoa wapi? Akacheka. "Ya kwake mwenyewe, maalim. Kila Ijumaa lita moja ni ya ng'ombe." Bei ya lita moja ya kila Ijumaa anaitia kwenye kibubu, haigusi. Akibanwa sana anakopa humo, lakini anaandika kwenye daftari la mwanawe: deni la ng'ombe, kiasi fulani. Na analirudisha!

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mimi nilikuwa na laki mbili, yeye pengine hakuwa na robo yake. Tofauti yetu ni kuwa pesa yake ilikuwa na jina. Pesa isiyo na jina huchukuliwa na wa kwanza kupiga kelele, na mnyama mgonjwa kelele zake ni ndogo.

Basi fanya hesabu. Elfu mbili kwa wiki, kwa wiki 52, ni laki moja na elfu nne kwa mwaka. Ile bei niliyoambiwa ya Chui ingetoka na chenji ingebaki. Asiyeweza elfu mbili aweke mia tano. Kibubu cha mbao, kibubu cha kwenye simu, au kama mko majirani wanne wenye mbuzi, kifuko chenu kimoja na mtu mwaminifu wa kukishika. Hiyo hela bado ni mali yako kisheria, kwa hiyo ihesabu kwenye zaka yako kama mali yako imefika nisabu na mwaka umepita. Usidanganyike kuwa imeshakuwa ya paka.

Na piga simu kwa daktari leo, mnyama akiwa mzima. Uliza anapatikana usiku? Kumuona tu ni shilingi ngapi? Wengi wetu tunaijua bei ya kuku wa sikukuu lakini hatujui bei ya sindano moja ya mbuzi, kwa hiyo tunaogopa, na kwa kuogopa tunachelewa. Chanjo usiiache. Kichaa cha mbwa kinawapata paka pia, na mwanadamu dalili zikishamtokea, hakuna tena tiba ya kutegemea. Hapo ulikuwa unamlinda paka na mtoto wako kwa sindano moja.

Ama asiye na kitu kabisa, Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Huyo simlaumu, na kama mnyama wake anaumwa aje tuongee, tutachanga. Ila nami nimuombe: kama huwezi kumtibu mmoja, usichukue wanne. Kupunguza idadi nako ni kujiandaa. Watoto wanaleta vipaka kutoka sokoni, tunasema "waache, ni thawabu". Thawabu ya wiki ya kwanza ni rahisi.

Wala sisemi kila mnyama atibiwe mpaka nyumba iuzwe. Kuna wakati daktari atakwambia tiba haitamsaidia, inamrefushia maumivu tu. Na mbuzi au ng'ombe wa namna hiyo ana njia yake ya kuchinjwa mapema, kwa sharti daktari athibitishe kuwa nyama haina madhara na hajachomwa dawa zinazobaki mwilini. Lakini hata ushauri huo unalipiwa. Usiposhika hata hela ya kumuita daktari, unaamua kifo au uhai kwa kubahatisha, kama nilivyofanya mimi na kijiko cha mafuta ya nazi.

Idi ile watoto walivaa nguo mpya. Binti yangu alivaa gauni lake, akasema ahsante baba, kama anavyofundishwa. Miezi minne baadaye akaja na paka jike kutoka kwa shangazi yake, na kabla sijafungua mdomo akaniwekea mezani kopo la maziwa ya unga, tupu, limetobolewa juu kwa kisu. Akasema shangazi amekubali kutoa mia tano kila wiki, "na wewe baba utatoa ngapi?"

Natoa elfu mbili. Jana baada ya tarawehe tulilitikisa, bado hatujalifungua.

Allah atukubalie saumu zetu. Leo darsa ni baada ya Alasiri kama kawaida, na mwenye suala la wanyama aje nalo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.