Ufunguo wa Chumba Changu

Mtu anaweza kumpa mwajiri wake ufunguo wa simu aliyoinunua kwa fedha zake, na simu hiyo ikaendelea kuwa yake? Swali hili huachiwa mafundi wa kompyuta, lakini mimi naliona ni swali la maadili. Tena nadhani sisi tuliokulia kwenye nyumba za kupanga za Ngamiani tuna maneno ya kulijibu, maana maisha yetu yote tumeishi na watu wenye funguo za milango yetu.

Tuanze na kitu chenyewe. Siku hizi ukiajiriwa benki, kwenye shirika lisilo la kiserikali, kampuni ya usafirishaji au ofisi ya mikopo, mara nyingi hupewi simu. Unaambiwa utumie ya kwako. Ili upate barua pepe ya kazi na mafaili ya wateja, idara ya TEHAMA inakutumia kiungo, unapakua programu, unabonyeza kukubali mara nne au tano, na kazi inaanza. Programu hiyo ni ya kusimamia vifaa. Mojawapo inayojulikana sana ni Intune ya Microsoft. Inamwezesha mwajiri kuiwekea simu masharti akiwa mbali: lazima iwe na namba ya siri, mfumo wake usiwe wa kizamani, data za kazi zisinakiliwe kwenda kwingine, na ikipotea data hizo zifutwe.

Anayeijua nyumba ya Kiswahili ataelewa upesi. Mbele kuna baraza. Ukiingia ndani unakuta ukumbi mrefu, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, kila chumba na mpangaji wake na kufuli lake. Nyuma ni uani: jiko, bafu, choo na kamba za nguo. Usimamizi wa simu nao una namna tatu, na zinatofautiana kwa jambo moja tu: nani ana ufunguo wa wapi.

Namna ya kwanza ni kushika nyumba nzima. Mwajiri anaweza kuweka programu na kuziondoa, kuifunga simu, na kuifuta yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kama simu ni yake, hilo halina ubishi. Namna ya pili ni kukodi chumba kimoja. Android ilileta utaratibu huo mwaka 2014, ukaitwa wasifu wa kazini: programu za ofisi zinakaa upande wake, zikiwa na alama ndogo ya mkoba, na za kwako zinakaa upande wa pili. Apple walileta mpango unaofanana na huo mwaka 2019, kwenye iOS 13. Katika namna hii mwajiri haoni picha zako, hasomi ujumbe wako binafsi, na hajui umepakua programu gani upande wako. Anajua aina ya simu na toleo la mfumo, anaweza kudai simu ifungwe kwa namba ya siri, na ukiacha kazi anafuta chumba chake peke yake. Namna ya tatu ni ndogo zaidi: mwajiri hana chumba, ana sanduku tu, yaani anasimamia programu ya barua pepe au ya mafaili na hagusi kitu kingine.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wengi wanazungumza kuhusu "ile programu ya ofisi" kana kwamba ni kitu kimoja. Wapo wanaoamini bosi anasoma WhatsApp yao, na kwa kawaida hilo si kweli. Wapo wanaoamini programu haina madhara yoyote, na hilo nalo lategemea ufunguo uliotolewa.

Yupo dada mmoja, jirani yetu, barabara mbili kutoka kwetu, ambaye aliwahi kufanya kazi ofisi moja hapa mjini. Simu yake ilikuwa ya zamani kidogo. Alipounganisha barua pepe ya kazi, programu iliomba iwe msimamizi wa kifaa, na kati ya ruhusa zilizoorodheshwa kwa Kiingereza ilikuwemo ya kufuta data zote. Alikubali, kama wenzake wote. Miezi mingi baadaye mkataba wake ukaisha kwa amani, akaagwa kwa soda na keki. Jioni ile ile, mtu wa TEHAMA aliyekuwa akifanya kazi yake ya kawaida ya kuondoa akaunti za walioondoka alibonyeza kitufe. Simu ikazimika na kuwaka tena ikiwa tupu. Ndani yake kulikuwa na sauti alizotumiwa na marehemu mama yake kwa WhatsApp, za kumuuliza kama amekula, za kumkumbusha kununua nazi. Hakuwa na nakala popote, kwa kuwa kupandisha mafaili hayo kunakula bando, na bando alikuwa akilipimia.

Ninachokitafakari katika kisa hiki ni kwamba humkuti mwovu. Mwajiri alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni nzito. Ofisi ya mikopo inatunza majina, namba za simu, madeni na aibu za watu. Mama anayeuza vitumbua na kudaiwa laki tatu hakuniruhusu mimi, afisa mikopo, nitembee na habari zake kwenye simu isiyo na namba ya siri, ambayo inaweza kuibwa mfukoni ndani ya daladala. Habari zake ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeifanya amana hiyo kuwa wajibu wa kisheria, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Mwajiri asiyejali simu za wafanyakazi wake anawakosea wateja. Kwa hiyo siwezi kusema kirahisi kwamba simu ni yangu na mtu asiiguse. Nikishaingiza habari za mteja ndani yake, nimeingiza mzigo wa mtu.

Lakini amana haiendi upande mmoja. Hapa ndipo wengi wanapokimbilia jibu la haraka: "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa kinatofautisha kuficha na kusitiri. Anayeficha anakwepa haki. Anayejisitiri anadai haki. Ninapofunga mlango wa bafu uani, hakuna jirani anayeuliza ninaficha nini. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inasema jambo hilo kwa lugha ya sheria: kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Wazee wetu walilisema kwa neno moja, sitara.

Tena simu yangu hainisitiri mimi peke yangu. Humo mna ujumbe wa rafiki aliyeniambia kuhusu mimba iliyoharibika. Mna picha za vyeti vya hospitali vya shangazi. Mna kundi la kikoba chenye wanawake kumi na wanane na hesabu zao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeajiriwa ofisini kwangu. Ninapobonyeza kukubali, natoa ruhusa kwa niaba ya watu ambao hawajaulizwa. Kama mwajiri anaweza kusema "nalinda amana ya wateja", mimi nami naweza kusema nalinda amana ya ndugu na marafiki, na hakuna mizani inayoonyesha kwamba amana yake ni nzito kuliko yangu.

"Lakini ulikubali." Ndiyo, nilikubali. Tuliangalie neno hilo. Kwetu mtu haingii nyumba ya watu bila kupiga hodi. Anapiga, anasubiri, na akipiga mara tatu bila kuitikiwa, anaondoka. Adabu hiyo ina mambo mawili ninayoyaona muhimu. La kwanza, mwenye nyumba anaweza kunyamaza, na kunyamaza kwake hakumgharimu kitu. La pili, hodi ya jana haitoshi leo. Jirani niliyemkaribisha Idi hajapata haki ya kuingia chumbani kwangu siku ya Jumatatu.

Linganisha na ule ukurasa wa ruhusa. Umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Unausoma ukiwa umesimama mbele ya dawati la mtu aliyekuajiri siku ile. Ukikataa, hupati barua pepe, na bila barua pepe huna kazi. Ukikubali, umekubali mpaka siku ya kuondoka, na wakati mwingine saa chache baada ya kuondoka. Huko Ulaya, wataalamu wa sheria za data wamekwisha kuandika kwamba ridhaa ya mfanyakazi kwa mwajiri ni nadra kuwa huru, kwa sababu nguvu za wawili hao hazilingani. Hatuhitaji kwenda Ulaya kulijua hilo. Mpangaji yeyote wa Ngamiani anajua tofauti ya kumwazima jirani ufunguo na kumpa mwenye nyumba anayeweza kukutoa kesho.

Mkoa huu una kumbukumbu yake ya vyombo vya kazi vinavyotembea na mtu. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 iliyosalimika safari ikapandwa karibu na Pangani. Mashamba yalipotapakaa, ikaja kadi iliyoitwa kipande: nafasi 30, kila siku ya kazi iliyokamilika inatiwa alama, na malipo ni mpaka kadi ijae. Kenya neno hilo hilo lilikuwa cheti alichotakiwa mwanamume Mwafrika kutembea nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Sisemi programu ya ofisi ni kipande. Sisi tunalipwa mwisho wa mwezi, na tunaweza kuacha kazi. Ninachosema ni kwamba chombo cha mwajiri kikishakaa kwenye mwili wa mfanyakazi, saa ya kazi na saa ya nyumbani huanza kuchanganyika, na anayepoteza katika mchanganyiko huo anajulikana mapema.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Vijana wengi mtaani wana simu za mkopo, za kulipa kila siku. Usipolipa, simu inajifunga. Wengine wanaona huo ni ukatili, lakini mimi naona mkataba wake una ukweli fulani: simu bado si yako yote, ufunguo umeshikwa kwa ajili ya deni, na deni likiisha ufunguo unarudi. Sasa jiulize, mimi niliyelipa simu yangu yote dukani, ninadaiwa nini na mwajiri hata ashike ufunguo? Kwa hakika yeye ndiye anayedaiwa. Ameokoa bei ya simu, na pengine bando pia, kwa kutumia ya kwangu. Katika hesabu za kawaida za mtaani, anayeazima chombo cha mtu ndiye anayeweka masharti machache, wala hawekewi masharti mwenye chombo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwajiri anayetaka nyumba nzima, anunue nyumba: atoe simu ya kazi, aisimamie atakavyo, na jioni ibaki mezani. Anayetumia simu yangu achukue chumba kimoja au sanduku, si zaidi, kwa kuwa amana ya mteja inalindwa vya kutosha humo. Teknolojia ya kutenganisha ipo tangu 2014, hivyo kushika nyumba nzima si lazima tena, ni uchaguzi, na uchaguzi unadaiwa maelezo. Ruhusa iandikwe kwa Kiswahili, ikisema wazi nini kinaonekana, nini kinaweza kufutwa, na nani anabonyeza. Na kabla ya kufuta chochote mtu anapoondoka, hodi ipigwe tena: apewe siku, ajulishwe, atoe vya kwake.

Najua kijana aliyetafuta kazi miaka miwili hana ubavu wa kuyasema haya siku ya kwanza. Simlaumu. Ndiyo maana mzigo huu nauweka kwa mwenye nguvu, na ndiyo maana sheria ipo. Lakini kuna mambo madogo ambayo hata yeye anaweza kuyafanya bila kugombana na mtu. Auliza: "Hii ni wasifu wa kazini au inashika simu nzima?" Afungue mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, aone ni programu ipi iliyopewa usimamizi wa kifaa. Upande wa kazi ukiwepo, Android inamruhusu kuusimamisha jioni, na ile mikoba midogo inapauka mpaka asubuhi. Na sauti za mama azihamishe leo kwenye kadi au kompyuta ya rafiki, hata kama bando ni la kupimia.

Jirani yetu alinunua simu nyingine. Kazini kwake sasa wamempa simu ya ofisi, ya bei ndogo, ambayo saa kumi na moja jioni anaiacha kwenye droo. Nilimuuliza kama alimsamehe yule kijana wa TEHAMA. Akasema hakuna cha kumsamehe, hakumjua wala kijana hakujua kilichokuwemo. Kisha akaniambia anachokikosa ni lile neno la mama mwanzoni mwa kila sauti. Kila mara, kabla ya kusema lolote, mama alianza kwa hodi.