Oveni ya Mwaka 2002

Agosti 2002, mama mmoja wa Ujerumani alinunua seti ya jiko kwa kampuni iliyouza bidhaa kwa oda za posta. Mwanzoni mwa 2004 akaona enameli ya ndani ya oveni inabanduka. Haikutengenezeka. Kampuni ilimbadilishia, ila ikamtoza yuro 69.97 kwa muda alioitumia ile mbovu.

Kiasi ni kidogo, lakini uchungu wake naujua: kulipia kosa la mwenzio. Hata hivyo, angenunua miaka michache kabla, asingekuwa na la kudai kabisa. Kitabu cha sheria za kiraia cha Ujerumani, kilichoanza kutumika mwaka 1900, kilimpa mnunuzi miezi sita tu tangu kukabidhiwa kitu. Ndani ya miezi hiyo angeweza kurudisha mali au kupunguziwa bei. Haki ya kudai kitengenezwe haikuandikwa. Na hiki ni kitabu kilichoheshimiwa duniani, hata Wajapani waliazima mengi kutoka kwenye rasimu zake.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wa mauzo ya walaji: miaka miwili ya dhamana, na kitu kitengenezwe au kibadilishwe bila malipo. Nchi wanachama zilipewa hadi Januari 1, 2002 kuuingiza katika sheria zao. Ujerumani ingeweza kubandika vifungu vichache na kuendelea na yake. Badala yake ilifumua sheria nzima ya madeni na mikataba, na maprofesa wengi wakapinga. Nawaelewa. Sheria uliyosomeshwa na kuifundisha maisha yako yote haitupwi kirahisi. Bado nasimama na waliofumua, kwa kuwa mnunuzi hana njia ya kuijua kasoro iliyofichika ndani ya bidhaa.

Hata sheria mpya ilibakiza kifungu kilichoruhusu lile tozo. Shirikisho la vyama vya kutetea walaji lilifungua kesi kwa niaba ya yule mama, nayo ikafika kwa majaji wa mahakama kuu ya Ujerumani huko Karlsruhe. Hao walikuwa na shaka na haki ya kifungu hicho, lakini maneno yake yaliwabana, wakapeleka swali kwa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg. Aprili 17, 2008 jibu likaja: bila malipo ni bila malipo. Mwaka huohuo bunge likairekebisha sheria. Sioni aibu yoyote kwa Ujerumani hapo. Mahakama kuu ya taifa lenye fahari ya sheria zake ilikubali kuuliza, na ikakubali kujibiwa.

Mwongozo wa 2019 wa Umoja wa Ulaya, uliochukua nafasi ya ule wa 1999 na unaotumika tangu Januari 1, 2022, unanipa wasiwasi kidogo. Ule wa kwanza uliweka kiwango cha chini, na kila nchi ikawa huru kumwongezea mnunuzi ulinzi. Huu wa sasa, katika mambo mengi, hauiruhusu nchi kupunguza wala kuzidisha ulinzi huo. Sweden inatoa miaka mitatu ya dhamana, na katika hilo bado imeruhusiwa. Nafasi kama hizo ningependa ziwe nyingi zaidi.