Nani Aliingia Bandani?

Wajukuu zangu, kila anayekuja barazani kwangu kulalamika kwamba kuku wake wa nyama wanakufa huanza kunitajia dawa alizokwishawanywesha. Mimi humuuliza kwanza: wiki hii nani aliingia bandani?

Nauliza hivyo kwa sababu Tabora ni mji wa njia. Misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, njia zikagawanyika, nyingine kwenda Ujiji, nyingine kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe, wakarudi na nguo na shanga, na mara nyingine ndui. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kufuatilia jinsi kipindupindu kilivyotembea na misafara. Reli ilipofika mwaka 1912 safari ziliongezeka mwendo tu. Leo vifaranga wa siku moja wanatufikia kwa basi, na kuku wa kienyeji wanaondoka matenga kwa matenga. Kideri, ugonjwa hatari wa kuku, nacho hakiachwi nyuma.

Tazameni kinachotokea kikiingia mtaani. Kuku wa jirani wanazubaa, wanaharisha kijani, shingo zinapinda. Kesho yake wale wanaosimama bado wanakimbizwa sokoni wakauzwe bei ya kutupa. Tabia hiyo inaniudhi kuliko zote. Mtu anaokoa shilingi elfu chache, anatawanya kifo kutoka Isevya mpaka Ipuli. Kisha mchuuzi anakuja kwako na tenga lile lile, na viatu vile vile, kuchagua kuku wa kununua. Asiingie, hata awe shemeji yako. Mtolee kuku nje apimie hapo. Nawe uwe na viatu vya bandani visivyotoka bandani. Na wale kuku watatu wa mama yako wanaochakura ukutani wapate chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hiyo inavumilia joto kuliko nyingine, ila msiianike juani kwa kuisikia sifa.

Broila wenyewe wengi wetu huwachanja kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Gumboro msiipuuze, kwani inaharibu kiungo kidogo kilicho karibu na tundu la haja, ambako kinga ya kifaranga hutengenezwa. Hata akipona, chanjo nyingine hazimshiki vizuri. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini, nimeona vijana wakichanganya chanjo moja kwa moja na maji ya bomba. Dawa ya kutibia maji inaua chanjo hai pale pale kwenye ndoo. Tumia maji ya kisima safi, au maji ya bomba yachanganye kwanza na maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta. Wanyime kuku maji saa moja au mbili, kisha uhakikishe wanaimaliza chanjo ndani ya saa mbili.

Lakini si kila kifo kimeletwa na mgeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifuga pamoja kuku wa mbegu ya mwaka 1957 na wa mwaka 2005, chakula kile kile. Siku ya 56 wa zamani walikuwa na kilo 0.9 hivi, wa sasa kilo 4.2. Nyama imekua, moyo na mapafu havikuifuata kwa kasi hiyo. Sasa njoo Tabora usiku wa Juni, baridi kali, kijana kafunga maturubai pande zote na jiko la mkaa linafuka ndani. Hewa hakuna, harufu ya kinyesi inachoma macho, na baada ya wiki chache kuku wanavimba matumbo maji. Hapo mtu anakimbilia antibiotiki! Joto vifaranga wanalihitaji, nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, lakini acha nafasi juu ya ukuta hewa chafu itoke. Maranda yakilowa yatoe siku hiyo hiyo, maana kuhara damu hukulia kwenye unyevu. Oktoba, joto likipanda, mambo yanageuka: fungua kila upande, na chakula wape alfajiri na jioni.

Kideri na gumboro huletwa na virusi, antibiotiki hazivigusi. Ukizitoa kwa kubahatisha, hasara inakuwa mara mbili, na mabaki yake yanaishia kwenye sahani ya mlaji kama hukusubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa. Wakianza kufa wawili watatu, mpelekeni mmoja Wakala wa Maabara ya Veterinari, wana kituo hapa hapa Tabora, wampasue waseme. Mfungeni kwenye mifuko miwili, mweke barafu, mwende asubuhi. Kuku aliyeshinda juani tangu jana hana tena la kumwambia daktari.