Je, Ni Halali Kumlilia Mtu Ambaye Hakuwahi Kuishi?



Sisi tunaotunza sanduku la vitabu la kanisa tumeulizwa swali na mzee mmoja wa baraza, na tumeombwa tulijibu hapa ili wote wasome. Mzee alisema hivi: watu wa kambi hii wana wafu wao wa kweli, na wengine katika hao hawakupata hata kaburi. Kwa nini basi vijana wapewe riwaya, wakae chini ya mwembe wakimlilia mtu aliyetungwa na mwandishi? Je, huko si kumwaga machozi bure? Tena, riwaya si uongo uliopigwa chapa?

Swali hilo ni zito, na aliyeuliza ni mtu aliyezika wengi. Kwa hiyo hatukutaka kulijibu kwa haraka. Tumelizungumza Jumapili kadhaa baada ya ibada, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KITABU KILICHOLETA SWALI

Kitabu kinachoazimwa kuliko vyote katika sanduku letu ni Shujaa Okonkwo. Mwandishi wake ni Chinua Achebe wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2013. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1958, na Clement Ndulute akakitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1973. Nakala yetu imepoteza jalada, na kurasa zake zimeshonwa kwa uzi wa gunia.

Kwa wale ambao hawajakisoma, habari ni hii. Okonkwo ni mtu mwenye nguvu katika kijiji cha Umuofia. Baba yake, Unoka, alikuwa mvivu, akafa na madeni. Tangu utoto Okonkwo anaogopa jambo moja tu, yaani kufanana na baba yake. Siku moja kijiji jirani kinalipa fidia ya mauaji kwa kumtoa mvulana, jina lake Ikemefuna. Mtoto huyo anawekwa nyumbani kwa Okonkwo, anakaa miaka 3, anakuwa kaka wa watoto wa nyumba ile, naye anamwita Okonkwo baba. Kisha inatoka amri ya miungu yao kwamba mtoto auawe. Wanaume wanamchukua njiani, naye amebeba chungu cha pombe kichwani, akidhani anarudishwa kwa mama yake. Anapopigwa mara ya kwanza anamkimbilia Okonkwo ili amwokoe. Okonkwo anachomoa panga na kummaliza, kwa sababu anaogopa wenzake watamwona dhaifu.

Hapo ndipo wasomaji wetu wanapofunga kitabu na kunyamaza. Tumewaona wengi. Mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye kwa miaka yote aliyokaa kambini hakuwahi kulitaja jina la mwanawe mbele ya watu, alilitaja siku tuliposoma sura hiyo kwa sauti.

JE, RIWAYA NI UONGO?

Tuanze na neno hili la uongo. Mwongo ni mtu anayetaka usadiki jambo ambalo yeye anajua si kweli, ili apate faida au akudhuru. Mwandishi wa riwaya hafanyi hivyo. Anakuambia tangu mlangoni kwamba hii ni hadithi. Bibi zetu walifanya vilevile walipokaa motoni jioni na kututolea habari za sungura na fisi. Hakuna mtoto aliyekwenda porini kumtafuta sungura anayesema, lakini kila mtoto alijua kesho yake nani katika kijiji ni fisi.

Tena tukumbuke habari ya Daudi na nabii Nathani, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Daudi alikuwa amechukua mke wa Uria na kumfanya Uria afe vitani. Nathani hakuanza kwa kumshtaki. Alimtungia hadithi ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Mfalme akawaka hasira juu ya tajiri yule. Ndipo Nathani alipomwonyesha kwamba tajiri ni yeye mwenyewe. Mwanakondoo yule hakuwahi kuzaliwa. Lakini kama Nathani angeanza na jina la Uria, mfalme angetafuta maneno ya kujitetea, kama sisi sote tunavyofanya. Hadithi ilipita mahali ambapo mashtaka hayakuweza kupita.

Kwa hiyo jibu letu kwa neno la kwanza la mzee ni hili: kutunga si kudanganya. Uongo unakuficha usijione, lakini hadithi nzuri huja kukuonyesha ulivyo.

JE, MACHOZI HAYO NI BURE?

Neno la pili ni gumu zaidi, na hatutaki kulikwepa. Mwenye hoja hiyo si mzee wetu peke yake. Mtakatifu Augustino, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, aliandika katika Maungamo yake kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa katika mashairi ya Warumi aliyejiua kwa ajili ya mapenzi. Baadaye alijilaumu, kwa kuwa alimlilia Dido wala hakuililia hali ya roho yake mwenyewe. Mahali pengine katika kitabu hicho anauliza kwa nini watu walipenda kwenda kutazama michezo ya huzuni. Anasema mtazamaji haitwi kusaidia. Anaitwa kuhuzunika tu, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyofurahi.

Maneno hayo yanachoma. Ni kweli kwamba mtu anaweza kumlilia Ikemefuna jioni, na asubuhi akamfukuza mtoto yatima aliyekuja kuomba chumvi. Huruma kwa mtu wa kitabuni ni rahisi, kwa maana mtu wa kitabuni hali posho yako, halali chini ya turubai lako, wala hakuamshi usiku kwa kikohozi. Anayetosheka na huruma ya namna hiyo amejidanganya.

Lakini tuangalie upande wa pili. Watu waliopita mahali tulipopita, mioyo yao mingi imekufa ganzi. Si kwa ubaya. Mtu aliyeona mengi mno hufunga mlango wa ndani ili aweze kuishi, apange foleni, achote maji, apike. Mlango ukifungwa siku nyingi, kufuli huota kutu. Mtu huyo ukimwambia alie kwa ajili ya ndugu zake, hawezi, maana jambo hilo ni kubwa kuliko yeye. Ila kwa mtoto wa mbali, wa kabila ambalo hakuwahi kuliona, anaweza. Mama yule tuliyemtaja hakulia kwa sababu ya Ikemefuna tu. Ikemefuna alimshika mkono akampeleka mpaka kwa mwanawe.

Kwa hiyo tunaona kwamba machozi ya kitabuni yanafanana na mbegu tunazopewa msimu wa kilimo. Akizila, mtu ameshiba siku moja. Akizipanda, atavuna. Augustino ana haki ya kutuonya tusizile, lakini kosa la mlaji halitufanyi tukatae mbegu.

JE, TUMWELEWE MUUAJI?

Sasa tunafika mahali ambapo kikundi chetu kiligawanyika. Kumlilia Ikemefuna kila mtu anakubali. Lakini Achebe hakuandika kitabu cha Ikemefuna. Aliandika kitabu cha Okonkwo. Anatupeleka ndani ya moyo wa mtu mwenye panga. Tunamwona anavyoogopa kivuli cha baba yake. Tunamwona baada ya tendo lile akikaa siku mbili bila kuonja chakula. Ndugu mmoja alisimama akasema: Mimi sitaki kumwelewa. Waliotufanyia vile nao walikuwa na baba zao na hofu zao. Je, nikishaelewa, si nitakuwa nimeanza kuwaachilia?

Hatukumkatiza. Katika makazi haya watu wa pande zilizopigana wanachota maji kwenye bomba moja, na kila mmoja anajua mwenzake ametoka wapi. Swali lake si la vitabu tu.

Tunalojibu ni hili. Kuelewa si kusamehe, na kusamehe si kusema kosa halikuwapo. Achebe mwenyewe hamwachilii Okonkwo hata kidogo. Rafiki yake Obierika anamwambia wazi kwamba alilofanya halitampendeza mungu wa ardhi. Nwoye, mwana wa Okonkwo, moyo wake unavunjika siku ile, naye mwishoni anamwacha baba yake. Kila kitu kinahesabiwa. Lakini mwandishi anatuonyesha pia kwamba mkono ule haukuwa wa shetani mwenye pembe. Ulikuwa wa mtu aliyeogopa kuchekwa. Tukisema wauaji ni wanyama, hatuna la kuwafundisha watoto wetu, kwa maana watoto wetu si wanyama. Tukisema ni watu walioogopa kuonekana dhaifu, basi tuna kazi ya kufanya nyumbani leo, pale tunapomwambia mvulana kwamba mwanamume halii.

Tena kuna jambo ambalo wengi hupita bila kuliona. Mzee Ezeudu alimwonya Okonkwo asishiriki katika kifo cha mtoto anayemwita baba. Obierika alikaa nyumbani, na alisema kwamba amri kama hiyo ingemhusu mwanawe yeye asingeipinga, wala asingeitekeleza kwa mkono wake. Wote wawili ni watu wema. Mikono yao ni safi. Lakini tuhesabu: katika Umuofia yote, nani alimwokoa Ikemefuna? Hakuna. Mmoja alionya, mmoja alikaa nyumbani, na mtoto akafa. Tulipofika hapo hakuna aliyeuliza tena kama kitabu kinawahusu watu wa Nigeria au sisi. Wengi wetu hatukushika panga. Wengi wetu pia tunajua siku ambayo jirani alikuja kuchukuliwa, na milango ikafungwa. Kama mikono safi inatosha, hilo kila mmoja alichukue nyumbani alipime mbele ya Mungu.

NENO LA MKIMBIZI

Tusimalize bila kutaja sehemu ya pili ya kitabu, maana Okonkwo naye alikuwa mkimbizi. Bunduki yake ililipuka kwenye mazishi ya Ezeudu na kumwua kijana, akalazimika kukimbilia Mbanta, kijiji cha jamaa za mama yake, kwa miaka 7. Jamaa zake walimpa kiwanja na shamba, na wana 5 wa mjomba wake Uchendu wakamchangia kila mmoja viazi vikuu 300 vya mbegu. Lakini yeye alikaa kwa uchungu, akihesabu tu siku za kurudi. Uchendu alimwita, akamweleza kwamba mambo yakiwa mema mtu ni wa kwa baba yake, lakini akipatwa na huzuni hukimbilia kwa mama yake akatulizwa. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe amezika watoto 22, na bado anaishi.

Okonkwo alisikiliza, ila hakupokea. Aliporudi Umuofia alikuta kijiji kimekuwa kingine, na hakuweza kuishi ndani yake. Sisi tunaoongea kila siku habari za kurudi tungefaa kuisoma sehemu hiyo mara mbili. Miaka ya ugenini ni miaka ya maisha yetu pia. Mungu ataituliza na kuiuliza kama miaka mingine.

TUFANYEJE BASI?

Mzee wetu alituuliza kama ni halali. Tunajibu kwamba ni halali, ila ina deni. Machozi ya kitabuni ni mkopo, na mkopo hulipwa kwa watu walio hai. Kwa sababu hiyo tumekubaliana utaratibu mpya wa sanduku. Anayerudisha riwaya hataulizwa tena kama ameimaliza. Ataulizwa: Kitabu hiki kimekukumbusha nani, na utamtembelea lini? Kama aliyekumbukwa amekwisha fariki, jina lake litaandikwa katika daftari letu na kutajwa katika sala ya Jumapili, awe na kaburi au asiwe nalo.

Na yule anayesoma ili apumzike tu, asahau turubai na vumbi kwa saa moja, naye asione aibu. Kupumzika pia ni haki ya mtu aliyechoka.

Sanduku hufunguliwa kila Jumapili baada ya ibada ya pili. Tafadhali msikunje kurasa, na msizitumie kuwashia moto. Mzee aliyeuliza swali ameomba awe wa kwanza kuazima Shujaa Okonkwo mwezi huu, wengine wavumilie.

Amani iwe nanyi nyote.