Sababu ya Noti Kuchelewa

Leo mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kupakua sauti za okestra nzima bila kulipa hata senti. Programu ya MuseScore 4, iliyotoka mwishoni mwa 2022, inakuandikia noti na kukupigia papo hapo kwa sauti zilizorekodiwa kutoka kwa wapigaji wenyewe. Programu za muziki za LMMS na Audacity nazo ni bure. Nalifurahia jambo hili bila kusita. Kijana wa Tanga au Bujumbura mwenye wazo la fidla nne kichwani hahitaji tena kusubiri mfadhili ndipo alisikie. Lakini tunaposema sauti fulani "ni kama ya kweli", ukweli tunaoutaka ni upi?

Chukua piano ya kompyuta iitwayo Salamander, inayogawiwa bure. Alexander Holm aliirekodi kutoka piano ya Yamaha C5 kwa ngazi 16 za nguvu, tangu kidole kinapogusa kwa upole hadi kinapogonga kwa nguvu zote. Akarekodi hata mlio mdogo wa kibao kinaporudi mahali pake baada ya kuachiwa; ukivaa spika za masikioni utausikia. Hata hivyo hakurekodi kila kibao. Alirekodi kimoja katika kila vitatu, na programu hupandisha au kushusha sauti hiyo ili kujaza vilivyobaki. Kwa hiyo noti mbili katika kila tatu hazikuwahi kupigwa na mtu yeyote, na bado sikio linazipokea kwa moyo mkunjufu. Kama ukweli ungekuwa kwenye asili ya sauti peke yake, tungezikataa.

Yapo yanayokataliwa na sikio mara moja. Andika mstari wa fidla ya taarab, unakili mara tatu, uzipe fidla tatu. Utapata fidla moja yenye sauti kubwa zaidi, basi. Katika taarab ya Zanzibar wapiga fidla hufuata wimbo uleule, lakini huyu anaingia kwenye noti kwa kuteleza, yule anaipamba kwa mtetemo, mwingine anaifikia baadaye kidogo, na utajiri unatoka kwenye tofauti hizo. Programu nyingi zina dawa yake: kitufe kinachosogeza noti mbele na nyuma kwa bahati nasibu, na kubadilisha nguvu zake, ambazo katika MIDI, lugha ambayo kompyuta na ala za elektroniki hupashana noti, huhesabiwa hadi 127. Dawa hiyo hainishawishi. Muziki unapoteza unyoofu wa mashine bila kupata chochote cha binadamu.

Mpigaji hachelewi kwa bahati nasibu. Anachelewa kwa sababu mwimbaji amelivuta neno, naye hataki kumkatiza. Anaongeza nguvu kwa sababu ngoma ya dumbak imeingia. Mpiga nai, ile filimbi ya mwanzi, anakata mstari kwa sababu pumzi imekwisha, na kwa kuwa alijua itakwisha, alianza kuipunguza sauti mapema. Kila noti ina sababu yake, na sababu hizo zinatoka nje ya noti: kwenye mapafu ya mpigaji, kwenye uso wa mwenzake, kwenye maneno ya wimbo. Naamini hicho ndicho sikio linachokitafuta. Halina haja sana ya kujua kama uzi uliguswa kweli. Linataka dalili kwamba aliyepiga alikuwa na jambo la kuitikia.

Kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi, ndiyo inayolionyesha hili wazi kuliko ala nyingine. Orodha ya sauti 128 ya General MIDI, iliyotolewa mwaka 1991, ina kalimba kwenye nafasi ya 109, lakini kanuni haimo, wala udi. Isitoshe, MIDI tangu mwaka 1983 huhesabu noti kwa mpangilio wa vibao vya piano, ilhali maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, za rast na bayati zina noti inayokaa kati ya kibao na kibao. Njia ipo: unaiwekea noti hiyo amri ya kupindisha sauti mpaka ifike mahali pake. Ila mahali pake ni wapi? Katika rast hukaa juu kidogo kuliko katika bayati, na mpigaji anapajua kwa sikio alilolelewa nalo. Kompyuta itatii namba yoyote utakayoipa. Namba iliyo sahihi huna budi kuitoa kwa watu.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema muziki wa kompyuta ni uongo. Anayekaa usiku kucha akiipa kila noti sababu anafanya kazi ileile ya mtunzi anayeandika kwenye karatasi. Anachokosa ni mwitikio: fidla iliyo ndani ya kompyuta haitamsubiri mwimbaji siku atakapolivuta neno kwa namna mpya.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetunga chumbani, kabla ya kupakua maktaba nyingine ya sauti, tafuta kikundi kilicho karibu nawe uombe kukaa kwenye mazoezi yao. Nadi Ikhwan Safaa wanapiga Zanzibar tangu 1905; ujuzi wa aina hiyo haupakuliki. Muulize mpiga nai anapovutia pumzi, mwangalie mpiga fidla anapogeuza upinde. Na ukijaliwa uwezo, mlipe mmoja wao aje apige mstari mmoja juu ya hiyo mingine yote ya kompyuta.