Roboti Iliyoahidi Nauli ya Msiba

Novemba 2022, mwanamume mmoja wa British Columbia, Kanada, alifiwa na bibi yake. Siku hiyohiyo aliingia kwenye tovuti ya Air Canada na kuiuliza roboti ya kujibu wateja kuhusu nauli ya msiba, ambayo ni nafuu. Roboti ikamwambia akate tiketi kwa bei ya kawaida, kisha aombe punguzo ndani ya siku 90. Akakata, Vancouver hadi Toronto, kwenda na kurudi. Alipoomba alichoahidiwa, alinyimwa: kwa utaratibu wa kampuni, punguzo haliombwi baada ya safari. Utaratibu huo ulikuwa kwenye ukurasa mwingine wa tovuti ileile, na roboti ilikuwa imeweka kiungo cha ukurasa huo ndani ya jibu lake potofu.

Bahati nzuri, alikuwa amepiga picha ya skrini. Mfanyakazi wa kampuni alikiri kuwa maneno yale yalipotosha. Hata hivyo, mbele ya baraza la madai madogo la jimbo, kampuni ilijitetea kana kwamba roboti ni mtu mwingine, abebe mzigo wake mwenyewe. Februari 2024 baraza likakataa: roboti ni sehemu ya tovuti, na mteja halazimiki kulinganisha kurasa ili ajue upi ukweli. Kampuni ikaamriwa kulipa takriban dola 812 za Kanada.

Roboti ile ilipotoa jibu lake, ChatGPT ilikuwa haijatolewa. Mashine za leo zina ufasaha zaidi, na zinapokosea hukosea kwa ufasaha uleule.

Nayasema haya kwa sababu Afrika Mashariki sasa tunahimizana kukimbia. Kenya ilizindua mkakati wake wa akili mnemba, wa 2025 hadi 2030, na wafanyabiashara wanasikia kila mahali kwamba atakayechelewa ataachwa. Sipingi kasi. Nahofia mkulima atakayeambiwa na simu kwamba bima yake inalipa hasara ya ukame, kumbe hailipi. Huyo hatapiga picha ya skrini, wala hatafika mahakamani. Atauza ng'ombe na kunyamaza.

Basi kabla ya kuiwasha mashine, mwenye biashara amteue mfanyakazi wa kusoma majibu yake kila siku, ampe mamlaka ya kuyarekebisha pindi bei au masharti yanapobadilika, na atenge fedha za kumlipa mteja aliyepotoshwa.