Mapambo ya Ndani na Pumzi ya Watu: Tafakuri juu ya Nyumba katika Mwambao wa Nyasa

Falsafa ya makazi, yaani tafakuri juu ya maana ya binadamu kuwa na mahali anapopaita kwake, mara nyingi huanza kwa kudhani kwamba ndani ya nyumba ni milki ya mtu binafsi, na kwamba mtu akishafunga mlango wake anaruhusiwa kupanga, kupamba na kutumia apendavyo bila kumjibu yeyote. Katika bonde la Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huingia ziwani na mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, dhana hiyo haikuwa na mizizi. Kwa hiyo hata mjadala wa sasa kuhusu kupamba nyumba kwa njia endelevu, maana yake kutumia mali ya dunia kwa kiasi kisichowanyima haki yao watakaozaliwa baadaye, hupata sura nyingine ukiletwa hapa: pamoja na kuuliza kiti kimetengenezwa kwa mbao gani, hauna budi kuuliza ni nani mwenye haki ya kukikalia.

Mskoti Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879 alivisifu vijiji vya Wanyakyusa, wenyeji wa bonde hilo, kwa unadhifu wake, na sifa hizo zilirudiwa na wageni waliomfuata. Nyumba walizoziona zilijengwa kwa fremu ya mianzi, nafasi zilizobaki zikajazwa madonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mikono, na paa likaezekwa kwa nyasi. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walizikuta pia nyumba ndefu ambamo ng'ombe walilala upande mmoja na watu upande mwingine, samadi ikatolewa kwenda kurutubisha migomba iliyozunguka boma, na migomba ikawalisha watu na kuipa nyumba kivuli. Karibu kila kilichokuwamo kilitoka mahali ambapo mtu angeweza kwenda na kurudi kwa miguu, na nyumba ilipochakaa ilirudi ardhini bila kuacha taka. Hata hivyo ni kosa kuuita mpangilio huo fundisho la kuhifadhi mazingira, kwa sababu watu hawakujinyima saruji ambayo haikuwapo, na kujizuia kusikotokana na uchaguzi hakuwezi kuhesabiwa kuwa fadhila. Fundisho lenyewe lilikuwako, lakini lilikaa kwenye mahusiano ya watu zaidi kuliko kwenye vifaa vya ujenzi.

Kitabu ambacho Monica Wilson alikichapisha mwaka 1951 kinaeleza jinsi Wanyakyusa walivyoishi katika vijiji vya marika, vilivyoitwa ifipanga, ambamo waume waliokaa pamoja walikuwa wa umri mmoja badala ya kuwa wa ukoo mmoja. Wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walianza kujijengea vibanda pembezoni mwa kijiji cha baba zao, wakaendelea kula kwa mama zao kwa makundi, na baadaye wakaoa na kubaki pamoja hukohuko. Sababu mbili zilitolewa. Ya kwanza ni ukwangala, yaani furaha na mafunzo ya kukaa na wenzako mkila, mkinywa na kuzungumza kama watu walio sawa, jambo ambalo halikuhesabiwa kuwa anasa ila ndiyo njia ya kupata akili na adabu. Ya pili ni ukutila, mwiko uliomzuia mke kuonana na baba mkwe wake, kiasi kwamba alipaswa kuacha njia anapomwona akija. Kwa maneno mengine, mahali nyumba ilipowekwa, mlango ulipoelekea na nani aliruhusiwa kuuvuka yalikuwa maamuzi ya kimaadili kabla hayajawa ya kisanifu. Mpaka kati ya vizazi uliwekwa ardhini, na mtoto aliyejenga kibanda chake cha kwanza alikuwa anajifunza ujenzi na ujirani kwa pamoja.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi katika imani iliyoitwa embepo sya bandu, pumzi ya watu. Iliaminika kwamba majirani wakimnung'unikia kwa haki mtu aliyevunja desturi, kwa mfano mchoyo aliyekuwa na ng'ombe na asiwaalike wenzake kula nyama, manung'uniko hayo yangeweza kumshukia kama baridi na kumletea ugonjwa. Ilitofautishwa na uchawi wa kuonea, kwa kuwa pumzi hii ilikuwa ghadhabu halali ya jumuiya. Katika mazingira kama hayo hapawezi kuwa na pambo la mtu binafsi tupu. Ukuta uliosilibwa vizuri, kibuyu kilichochongwa kwa ustadi au chungu kikubwa cha pombe ni vitu vya kuwapokelea wengine, na uzuri wake hukamilika pale wengine wanapoingia. Hakuna aliyekatazwa kuwa na nyumba nzuri. Kilichotiliwa shaka ni nyumba nzuri iliyofungwa.

Inashawishi kuiona imani hiyo kuwa dawa iliyosahauliwa ya tamaa ya leo ya kununua na kutupa, na waandishi wengi wa mambo ya utamaduni wangeishia hapo kwa furaha. Tafakuri ya haki inapaswa kwenda mbele kidogo, kwa maana hofu ni mlinzi mbaya wa maadili. Inamzuia mchoyo, lakini inamzuia pia mtu mwenye bidii ambaye hana kosa ila ametangulia wenzake. Tena, udhaifu mwingine ulikuwa ndani ya nyumba yenyewe: unadhifu uliowavutia wageni ulikuwa kazi ya wanawake, waliosafisha zizi la ndani kila siku na kusiliba udongo kila ulipopasuka. Nyumba inayodumu kwa kutengenezwa upya daima hutumia mali kidogo ya dunia na nguvu nyingi za mtu fulani, na mtu huyo ni nani ni swali ambalo wanaosifu nyumba za udongo hawaliulizi mara nyingi.

Mwaka huohuo wa 1951 mwanafalsafa Martin Heidegger alitoa mhadhara mjini Darmstadt, Ujerumani, akidai kwamba mtu hujenga kwa sababu tayari ni mwenye kukaa duniani, na kwamba kukaa kunajumuisha ardhi, mbingu, miungu na watu wanaojua kwamba watakufa. Mfano wake ulikuwa nyumba ya mkulima wa Msitu Mweusi, iliyokuwa na kona ya ibada nyuma ya meza na mahali pa kuweka jeneza. Msomaji wa Kyela hahitaji kusafiri hadi huko kuona hoja hiyo, kwani kwa Wanyakyusa wafu walizikwa nyumbani, na mizimu ya wazazi, abasyuka, ilichukuliwa kuwa wanakaya wanaohusika na uzazi, mavuno na amani ya nyumba. Hadi leo makaburi katika boma ni jambo la kawaida, na mengi yamejengewa kwa saruji na kuwekwa marumaru zilezile zinazopendwa sebuleni. Wapo wanaouona mtindo huo kuwa majivuno. Ukitazamwa kwa hoja iliyotangulia, unaeleweka kwa urahisi zaidi: ikiwa marehemu bado ni wa nyumba hiyo, ni kawaida apewe sakafu bora kama walio hai, na gharama yake kwa kaya maskini ni suala la pili, ingawa si dogo.

Wamisionari walioingia mwaka 1891, Wamoravian waliojenga Rungwe na Waluteri wa Misheni ya Berlin waliofika hadi Matema na Ikombe, walileta namna nyingine ya kuijibia nyumba. Mkristo alifundishwa kutoa hesabu mbele ya Mungu kwa dhamiri yake mwenyewe, na taratibu nyumba ikapata sebule, viti, picha za familia ukutani na mistari ya Biblia kwenye fremu au kalenda ya kanisa. Fedha za waliokwenda kufanya kazi kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini zilileta tofali za kuchoma na mabati, na pamoja nayo kuni nyingi za tanuri na joto la mchana chini ya bati. Mafundisho ya wamisionari yalimwokoa mtu na hofu ya manung'uniko, lakini dhamiri ya mtu mmoja ina udhaifu wake: huridhika upesi. Anayejijibia peke yake huona kirahisi kwamba makochi mapya ni baraka, na msitu uliokatwa ni shida ya wengine. Pengine ndiyo maana vitambaa vya kufuma, ambavyo wanawake huvitandika juu ya makochi na meza, vina thamani zaidi kuliko wanavyokiri wenye ladha ya mjini. Ni pambo lenye mkono wa mwenye nyumba, linafuliwa na kurudishwa, na linatandikwa hasa mgeni anapotarajiwa.

Vyungu vya Wakisi vinalidhihirisha suala hili kwa ukali zaidi. Wanawake wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, huvifinyanga kwa mkono bila gurudumu la mfinyanzi, huving'arisha, huvitia nakshi na kuvichoma uwanjani, kisha vyungu husafirishwa kwa mtumbwi hadi soko la Matema, na kutoka hapo hupelekwa hadi Mbeya na mbali zaidi. Chungu kilekile kinachopikiwa samaki Kyela huwekwa maua katika sebule ya mjini, na mnunuzi wake hujiona amechagua kitu cha asili. Hakuna ubaya kubadili matumizi, ila udongo pekee haukifanyi chombo kuwa endelevu. Kinakuwa hivyo ikiwa bei yake inamwezesha mfinyanzi kumrithisha binti yake kazi hiyo, na jambo hilo haliwezi kuonekana kwa kukitazama chungu rafuni.

Mfano wa mwisho ni nyumba zinazojengwa kijijini na wenyeji wanaoishi Mbeya au Dar es Salaam, zenye dari ya jipsamu, vigae na makochi yaliyobaki na nailoni ya dukani, nazo hufungwa miezi mingi. Kwa kipimo cha matumizi ya mali ni vigumu kuzitetea. Lakini unapotokea msiba milango yote hufunguliwa, makochi hutolewa nje, wanawake hulala juu ya mikeka kwenye vigae hivyo na wanaume hukesha uani kwa siku kadhaa, na mwenye nyumba, aliyedhani amejijengea mwenyewe, hugundua kwamba hakuna anayemwomba ruhusa.